Kumfundisha Mtoto Kushona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wazazi, mabibi na walimu wa Unguja na Pemba huyarudia kila inapozungumzwa habari ya kumpa mtoto sindano na kitambaa. Yameanzia kwenye ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale jibu moja linapogusa jingine, msomaji ataelekezwa kwa namba ya swali.

## Kabla ya kuanza

1. Mtoto aanze kushona akiwa na umri gani?

Tazama mikono yake kabla ya kuhesabu miaka yake. Mtoto anayeweza kutunga shanga, kufunga kamba za viatu na kukata karatasi kwa kufuata mstari yuko tayari kushika sindano, na wengi hufikia hapo kati ya miaka 5 na 7. Aliye mdogo zaidi apewe vifungo vikubwa avitunge kwenye uzi mnene, au kamba ya kiatu aipitishe katika matundu yaliyotobolewa kwenye kipande cha boksi. Hapo atajifunza jambo ambalo mtu mzima amekwisha kulisahau kuwa nalo lilifundishwa: kwamba uzi ukiingia upande huu hutokea upande wa pili, na ukirudishwa pale pale ulipotokea, mshono wote hufumuka.

Mtoto aliyekulia shamba, ambaye tangu mdogo amesuka ukili na kumsaidia bibi yake kushona mkeka kwa shazia, huja na nusu ya somo mkononi. Anajua kuvuta bila kukunja na kuacha nafasi sawa baina ya pigo na pigo. Huyo asirudishwe kwenye maboksi. Aanzie swali la 9.

2. Mimi mwenyewe sijui kushona. Nitamfundishaje?

Mambo ya kwanza ni matatu tu: kutunga uzi, kufunga fundo na kupiga bandi, yaani kuzamisha na kuibua sindano kwa kufuata mstari. Mtu mzima huyajua kwa jioni moja, na hakuna ubaya mtoto akikuona ukijifunza pamoja naye. Ukiwa na jirani anayeshona kofia, mwombe msaada, lakini mweleze wazi kwamba unataka mtoto afundishwe bandi, kwa sababu mshonaji hodari wa kofia huwa amezoea mishono midogo mno na huweza kumtaka mwanafunzi wa miaka 6 afanye kama yeye.

3. Kushona si kazi ya watoto wa kike?

Pita kwenye mabaraza ya mafundi Darajani au Chake Chake uone nani wamekaa nyuma ya charahani wakishona kanzu, suruali na sare za skuli: wengi ni wanaume. Nazo kofia wanazozivaa wanaume hao hushonwa majumbani na wanawake. Kazi hii haijawahi kuwa ya upande mmoja, na mtoto wa kiume anayekatazwa sindano huku baba yake akimlipa fundi mwanamume atashindwa kuielewa hoja hiyo, na ana haki ya kushindwa.

4. Apewe muda gani, na wakati gani wa siku?

Dakika 20 zinamtosha mtoto wa miaka 6, na wa miaka 10 huweza kukaa dakika 40 bila kuchoka. Siku za kazi mtoto ana skuli na ana chuoni kwa masomo ya Kurani, kwa hivyo asubuhi ya Jumamosi au Jumapili hufaa zaidi, kwenye mwanga wa mlangoni au barazani. Muhimu ni kumsimamisha angali anataka kuendelea. Akiachwa mpaka achoke, kitu atakachokikumbuka wiki inayofuata ni kuchoka.

## Vifaa

5. Ninunue nini kwanza?

Vichache. Pakiti moja ya sindano za mkono, uzi wa rangi mbili zinazoonekana vizuri, mkasi mdogo wenye ncha butu, pini zenye vichwa, na futi ya kupimia. Kipande chembamba cha sabuni kilichokauka huchora mstari sawa na chaki ya fundi, nao hutoka ukifuliwa. Subana, kikofia cha kukinga kidole, inaweza kusubiri, kwani nyingi ni pana kwa kidole cha mtoto na humsumbua kuliko kumsaidia.

Vitambaa visinunuliwe mwanzoni. Fundi yeyote ana mabaki chini ya meza yake, na aghalabu atakupa ukimwomba kwa adabu, hasa ukimwambia ni ya mtoto anayejifunza. Vyote vitiwe kwenye bati la biskuti na bati hilo liwe mali ya mtoto mwenyewe, si la kuazimwa na kila anayetaka kubandika kifungo.

6. Sindano za namba gani?

Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu namba za sindano za mkono na za charahani huenda kinyume. Sindano ya mkono ikiwa na namba kubwa, ndivyo inavyozidi kuwa nyembamba. Kwa anayeanza chagua namba 3 hadi 5, zenye tundu pana. Sindano ya charahani ikiwa na namba kubwa, ndivyo inavyozidi kuwa nene: namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, 14 ni ya pamba ya kawaida, na 16 ni ya drili na jinzi. Mtoto wa chini ya miaka 6 apewe sindano nene yenye ncha butu, na kitambaa chake kiwe cha nyuzi zilizoachana, kama kipande cha gunia safi.

Kwa hali ya hewa yetu ya chumvi na unyevu, sindano huota kutu upesi, na mwezi wa masika huweza kuziharibu zote. Zichomeke kwenye kipande cha sufu au fulana kilichopakwa tone la mafuta ya charahani, na uzifute kabla ya kushonea kitambaa cheupe.

7. Kitambaa gani kinamfaa anayeanza?

Pamba tupu isiyoteleza. Kitambaa cha marekani, pamba isiyotiwa rangi, ndicho bora kuliko vyote kwa sababu nyuzi zake zinaonekana kwa macho na mtoto anaweza kuzihesabu. Ifuliwe kabla ya kukatwa, maana huja na wanga na hurudi ikiingia maji. Kanga kuukuu ni laini na hutii mkono, na kikoi chenye mistari humpa mtoto njia ya kufuata bila ya kuchorewa. Satini, jojeti na nailoni ziwekwe mbali mpaka mwaka wa pili au wa tatu. Hata mafundi wazima huzilalamikia.

8. Uzi wake hujifunga mafundo kila mara. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara uzi ni mrefu mno. Mtoto hudhani uzi mrefu utampunguzia kazi ya kutunga tena, lakini uzi unaopita katika kitambaa mara nyingi hujisokota na kuchakaa. Kipimo ni dhiraa yake mwenyewe, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na vidole vinne zaidi. Aupitishe uzi juu ya nta au mshumaa mara moja, na kila baada ya pigo kumi hivi aiachie sindano ining'inie ili uzi ujifungue wenyewe.

## Masomo ya mwanzo

9. Ni mshono upi wa kwanza?

Bandi: sindano inazama na kuibuka kwa kufuata mstari uliochorwa, pigo refu kwanza, kisha fupi kadiri mkono unavyotulia. Baada ya bandi afundishwe mshono wa kurudi nyuma, ambao kila pigo hurejea hadi lilipoishia la kabla yake. Huo ndio unaohimili uzito, na kwa macho hukaribia mshono wa charahani. Wa tatu ni kukunga upindo, yaani kushona ukingo uliokunjwa. Kubandika kifungo kunaweza kuingia popote hapo katikati, na watoto hukupenda kwa sababu matokeo yake huonekana siku hiyo hiyo: shati la skuli lililokuwa wazi Ijumaa linafungika Jumatatu.

10. Ashone kitu gani kwanza?

Kitu kidogo kitakachotumika nyumbani. Vipande vya mazoezi vina nafasi yake, lakini mtoto anayeshona vipande vya mazoezi mwezi mzima huona kwamba kazi yake haina haja kwa mtu yeyote. Kitambaa cha kushikia sufuria, cha matabaka matatu ya kanga kuukuu yaliyoshikanishwa kwa bandi, humalizika kwa vikao viwili na siku ya pili mama anakitumia jikoni mbele ya macho yake. Foronya ni hatua inayofuata, kwa kuwa ina mishono iliyonyooka tu.

Kitu tunachokipendekeza zaidi kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9 ni mfuko wa juzuu wa kwendea chuoni. Kunja kitambaa mara mbili, laza juzuu juu yake, na mtoto achore mstari kwa kuacha vidole viwili kila ubavu na vidole vinne juu. Akishakata, aanze na mdomo wa mfuko: apinde ukingo wa juu wa kila upande na kuukunga, akiacha mfereji wa kupitishia kamba. Wengi hushona mbavu kwanza, kisha hugundua kuwa mfereji umezibika. Mbavu zishonwe kwa mshono wa kurudi nyuma, kuanzia chini ya mfereji, kwa sababu mfuko utabeba uzito kila siku na utaburuzwa. Mfuko ugeuzwe, kamba ifungwe kwenye pini kubwa ya kufunga na kusukumwa hadi itokee upande wa pili.

11. Anaweza kukunga kanga?

Anaweza akifika miaka 9 au 10, na hakuna kazi bora ya kumzoesha upindo mrefu. Doti huja ikiwa nzima, nayo hukatwa katikati kupata kanga mbili. Akate kwa mkasi kwa kufuata mstari wa chapa. Kuirarua huenda sawa na nyuzi, lakini chapa haikukaa sawa na nyuzi daima, na kanga iliyopindana hutambulikana mbali. Pande ndefu zina ukingo uliofumwa na hazihitaji kitu. Ncha mbili zilizokatwa hukunjwa kwanza nusu sentimita, kisha sentimita moja, zikakandamizwa kwa ukucha au pasi, zikashikizwa kwa pini na kukungwa. Kila ncha ni zaidi ya mita moja, kwa hivyo igawanywe katika vikao viwili au vitatu.

Ikumbukwe tu kwamba mtoto atakuwa ameikodolea macho kanga hiyo kwa muda mrefu, atalisoma jina lake na atauliza maana. Mama anayempa kanga ya mafumbo ajiandae na jibu, au amchagulie yenye jina la dua.

12. Mshono wake umekwenda ovyo. Niufumue?

Ufumuliwe iwapo kitu hakitafanya kazi yake, kwa mfano mfuko unaomwaga vilivyomo. Hata hapo afumue yeye mwenyewe, na afumue pale palipoharibika tu. Mshono uliopinda lakini unaoshika uachwe kama ulivyo. Atauona mwenyewe atakaposhona wa pili.

Kosa tunalolisikia mara nyingi kuliko yote ni la mzazi kuurudia mshono mtoto akishalala, kwa nia njema, ili kitu kipendeze mbele ya wageni. Mtoto huitambua kazi ya mkono wake kama anavyoutambua mwandiko wake. Asubuhi atajua kilichofanyika, na hatasema neno, ila atapunguza hamu ya kuanza kitu kingine. Mzazi anayetaka kusaidia asaidie kabla: achore mstari, ashikize pini, atunge uzi. Sindano ikishaanza kwenda, mkono wa mtu mzima ukae kando.

13. Anataka kushona kofia kama bibi yake. Nimruhusu?

Mruhusu, lakini asianze na kofia nzima. Kofia ya viua ina duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kila kimoja ni cha matabaka ya kitambaa cheupe kilichochorwa ua, kikajazwa mistari ya mshono mpaka kikawa kigumu, kisha hutobolewa vitundu vidogo na kila kitundu kikazungushiwa uzi ukingoni. Mshonaji mzoefu huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa kofia moja. Mtoto wa miaka 11 akipewa mzigo huo ataukimbia.

Apewe kipande cha ukubwa wa kiganja chenye matabaka mawili, achorewe safu moja ya viua, na afundishwe kitundu kimoja kwa siku. Kutoboa ndiko kugumu: chombo cha kutobolea kisukume nyuzi kando bila ya kuzikata, vinginevyo kitundu hupanuka kila nguo ikifuliwa. Safu ikishanyooka, kipande hicho kinaweza kuwa mfuniko wa msahafu. Akifika kwenye safu ya nne au ya tano bila kulazimishwa, bibi yake anaweza kumkabidhi sehemu ya ukanda wa kofia halisi.

## Charahani

14. Lini aanze charahani, na ipi?

Aanze pale bandi yake inapokwenda sawa bila mstari wa kuchorwa, na anapoweza kukaa kwenye kiti akaiona sindano kwa kutazama chini. Kwa wengi ni miaka 9 au 10. Charahani ya kuzungushwa kwa mkono ndiyo bora kwa mwanzo: mtoto huzungusha kwa mkono wa kulia, huongoza kitambaa kwa wa kushoto, na akiacha kuzungusha kila kitu husimama. Ya kukanyaga humtaka miguu inayofika chini na mdundo usiobadilika, kwa sababu gurudumu likirudi kinyume uzi hukatika. Ya umeme ije mwisho.

15. Somo la kwanza la charahani liwe lipi?

Karatasi ya daftari, bila uzi. Tia sindano kuukuu, maana karatasi huifanya butu, na mtoto afuate mistari ya daftari kwa matundu. Kisha mchoree mduara na pembe: kwenye pembe asimame sindano ikiwa ndani, ainue mguu wa charahani, ule unaokandamiza kitambaa, ageuze karatasi, ashushe mguu, aendelee. Akishaweza hayo ndipo afundishwe kutia uzi na kujaza bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, mambo ambayo yakitangulizwa humaliza subira yake kabla ya kushona hata kidogo. Aelezwe pia kwamba meno yaliyo chini ndiyo yanayopeleka kitambaa. Anayekivuta kwa nyuma huipinda sindano, nayo hugonga bati na kuvunjika. Vidole visipite mbele ya mguu wa charahani.

## Usalama

16. Nifanye nini ili sindano zisipotee?

Sisi hukaa juu ya mkeka na hutembea miguu mitupu ndani, kwa hivyo sindano iliyodondoka kwetu ina hatari kubwa kuliko katika nyumba za watu wanaovaa viatu. Hesabuni sindano na pini kabla ya kikao na baada yake, mtoto akihesabu kwa sauti. Tandika shuka nyeupe juu ya mkeka, mahali pa kushonea. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu hukusanya sindano hata kwenye nyufa za ukili. Na sindano isitiwe mdomoni kamwe, hata kama mafundi wengi wanaoonekana mitaani wanafanya hivyo.

17. Akijichoma au akimeza sindano?

Kuchomwa kidogo kidoleni kunatosha kuoshwa kwa maji na sabuni. Iwapo sindano imevunjikia ndani ya mwili msiichokonoe. Apelekwe hospitali, na mwulizeni daktari kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyemeza sindano au pini apelekwe mara moja hata akisema hajisikii kitu, na asipewe chakula, kinywaji wala dawa ya kumtapisha.

18. Wazee hukataza kushona usiku. Tuwafuate?

Kwa mtoto, ndiyo. Mwanga hafifu humchosha macho na sindano iliyoanguka usiku haionekani.

## Hamu na mwelekeo

19. Alianza kwa bidii, sasa hataki. Nimlazimishe?

La. Liache bati lake mahali anapoliona, na uchunguze kwanza kama kazi aliyopewa ilikuwa kubwa mno au ilirekebishwa na mkono wa mwingine (angalia swali la 12). Hamu hurudi mara nyingi kunapokuwa na sababu, na Idi ni sababu njema: mpeleke dukani achague kitambaa, mpeleke kwa fundi apimwe, umwache aone jinsi badani, taharizi na kikwapa zinavyogeuka kanzu. Mwende mapema lakini, kwani katika kumi la mwisho la Ramadhani hakuna fundi mwenye nafasi ya kumjibu mtoto maswali.

20. Majirani wanataka kununua mifuko yake. Ni sawa?

Mifuko miwili mitatu ni furaha yake, na pesa ziwe zake. Ikiwa ni maagizo yenye siku ya kukabidhi, imeshakuwa kazi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na mzazi ndiye wa kuhakikisha kwamba skuli, chuoni na mchezo havipunguzwi kwa ajili ya sindano.

21. Anataka kuwa fundi. Aende wapi?

Wakati wa likizo anaweza kukaa kwa fundi mnayemfahamu, saa chache, akipiga pasi, akifumua na kubandika vifungo. Akishamaliza skuli, ushonaji ni miongoni mwa fani zinazofundishwa katika vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, vikiwemo cha Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja na cha Vitongoji kwa Pemba.

## Hali zisizo za kawaida

22. Mtoto wangu hutumia mkono wa kushoto.

Asigeuzwe. Anayetumia mkono wa kulia akimfundisha, wakae wakitazamana badala ya bega kwa bega, ili mtoto aige kama aonavyo kwenye kioo. Atashona kutoka kushoto kwenda kulia, na mshono utakuwa sawa. Tabu iko kwenye mkasi: wa kawaida ukishikwa kwa mkono wa kushoto huficha mstari na makali huachana, ndiyo maana kitambaa hukunjika bila kukatika. Tafuta mkasi wa kushoto, na usipopatikana, akatiwe na mwingine huku yeye akichora.

23. Ana miaka 8 na hawezi kutunga uzi hata kidogo.

Kata ncha ya uzi mshazari, ilowanishwe, na nyuma ya tundu liwekwe karatasi nyeupe. Ikiwa bado hafanikiwi, au anashona pua ikikaribia kitambaa, apimwe macho. Si mara moja sindano imegundua kile ambacho ubao wa skuli haukukigundua.

24. Anapenda kushona wanasesere, na nyumbani hatupendi vinyago vya sura.

Mwanasesere anaweza kuachwa bila uso, na ushonaji haupungui chochote, kwani kazi iko kwenye kugeuza mikono na miguu iliyo myembamba na kuijaza sufi kwa kijiti. Na nguo za mwanasesere ni somo zuri la kukata: kanzu ya shubiri moja ina vipande vile vile vya kanzu ya mtu mzima, nayo hutoka kwenye mabaki yaliyotajwa katika swali la 5.